Bomba Lililozidi Kidole Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimechukua daftari la gereji, nikaligeuza kichwa chini, nikaanzia nyuma. Mbele ni magari ya watu: bampa, boneti, mlango wa kushoto umebonyea. Huku nyuma ni mambo yangu. Mke wangu asiliguse! (Ameshaligusa. Kaweka kikombe juu yake. Duara hili la chai ni lake.)

Ninaandika kwa sababu ya hasira. Nimefika shuleni saa tisa kama kawaida yangu, watoto wangu kumi na mmoja wamekaa nje kwenye ngazi, matarumbeta mapajani, nyuso kama wamefiwa. Nauliza kuna nini. Wananionyesha mlango kwa midomo.

Ndani, mwenyekiti wa kamati ya shule yuko magotini. Anapima sakafu yetu! Ana ile futi ya chuma inayojirudisha yenyewe — chwaap! — anaandika, anapima tena, chwaap! Hata salamu yangu aliipokea huku anahesabu. Nikamuuliza anatafuta nini, kama kadondosha pete nimsaidie. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba chumba hiki kitawekwa mashine ya fotokopi na madawati mabovu, muziki utakwenda "mahali pengine". Mahali gani? Hajui. Hapo ndipo nikajua hakuna.

Kuanzia leo jina lake ni Bwana Futi. Watoto wamelipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Mama mpole yule, lakini akivua miwani ujue kuna vita. Kaivua.

Kasema: "Fundi, kamati inakaa Siku ya Wazazi, Jumamosi tarehe ishirini na mbili, mara tu baada ya maonyesho. Wakitoka kwenye kikao, chumba kimebaki au kimekwenda. Nataka siku hiyo wasikie kitu."

Nikamwambia, Mwalimu, wewe unaongea na mtu aliyepiga tarumbeta bandari kumi na moja! Kamati ya watu saba itanitisha?

Akatabasamu. Akasema anataka bendi yangu ipige pamoja na kwaya, na yeye mwenyewe atapiga piano ya ukumbini. Ile piano aliipigania miaka mitatu mpaka ikaja. Anaifunika kwa shuka lake la nyumbani.

Nikasema poa. Kwaya, piano, hata wakitaka nitawapigia na kengele.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Nikakaa nikakumbuka tulikotoka. Mwaka juzi nilikwenda pale kunyoosha geti lililogongwa na lori la mchanga, si zaidi. Nikaomba kamba stoo, nikaona shaba chini ya madawati. Matarumbeta sita, tromboni mbili, na tuba, dubwana ambalo mtoto akilivaa unaona miguu tu. Yamekanyagwa, yamekunjika, moja lina kiota cha panya. Mwalimu wa muziki alihamishwa zamani, hakuna aliyekuja badala yake. Nilisimama pale nikasahau kamba. Nikayabeba yote gereji. Mabonyeo nimeyatoa kwa nyundo ya mpira na golori, kama ninavyonyoosha vifuniko vya matairi. Yakang'aa mpaka wateja wakaanza kujitazamia meno.

Na kwa akili yangu nyingi nikafanya jambo moja ambalo kiwanda hakikulifikiria. Kila tarumbeta lina kimrija kinachovutwa nje na kurudishwa ndani, cha kurekebishia sauti. Watoto wanapoteza hata viatu vilivyo miguuni, watakiacha salama kimrija? Nikayalinganisha yote tisa na tarumbeta langu mimi, moja baada ya jingine, na kila kimrija kilipofika mahali pake nikakipiga lehemu. Hakitoki tena mpaka kiama! Darasa la sita niliishia, lakini kichwa kipo.

Noti za kwenye karatasi sizijui, na sikuona haja. Vile vitufe vitatu vya tarumbeta watoto wanaviita gia. "Tia gia ya kwanza na ya tatu! Toa! Puliza kama unapoza chai!" Wanaelewa haraka kuliko karatasi yoyote.

Jumanne, 11 Machi

Magari manne leo. Mgongo. Nimepumzika mchana kwenye siti ya gari la mteja, nikapiga tarumbeta sambamba na redio. Redio imekwenda ovyo, sauti juu juu. Betri zimechoka tena. Nimeizima. Redio za siku hizi!

Paka katoka nje kwa hasira. Na yeye ana maoni.

Ijumaa, 14 Machi

Lo! Lo! Leo wamepiga!

Sijui niandikeje. Wimbo wa shule wote, mwanzo mwisho, bila kusimama, bila mtu kupotea, na katikati lile bonde nililowafundisha, matarumbeta yanashuka taratibu, tromboni zinapanda, ngoma mbili zinanong'ona. Nilikuwa naelekeza kwa spana namba kumi na saba. Ilinidondoka. Hawakusimama! Walimu wametoka madarasani na chaki mkononi. Mpishi wa shule kaja na mwiko. Nje ya uzio watu wamesimama na baiskeli zao.

Na Kimya! Binti huyu tunayemwita hivyo ana miaka kumi na mbili, na mwaka mzima wa kwanza sikumsikia akisema zaidi ya "ndiyo". Walimu walidhani hasikii vizuri. Siku ya kwanza nilipowapanga wachague, wote walikimbilia matarumbeta, yeye akaenda kulikumbatia lile dubwana. Mlango wetu ni mwembamba, wa fremu ya chuma, dubwana linaingia kiubavu na yeye nyuma yake. Leo kalipiga mpaka vioo vya madirisha vimetetemeka. Mama yake, anayefua nguo za watu, alikuwa uzioni. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye sabuni, hakusema kitu. Basi kumbe ni ukoo.

Wakati wa kufunga vyombo Kimya kaja karibu. Kasema, polepole: "Babu Fundi, kwaya wakiimba na piano ukumbini, wao wako juu. Sisi tuko chini kidogo."

Nikacheka. Nikamwambia kwaya wanapiga kelele, ndiyo maana. Akaniangalia. Akasema "ndiyo". Akaondoka.

Nimempigia mke wangu chuku jioni nzima. Kasema sawa, lakini kula kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Sitaki kuandika.

Mazoezi ya kwanza na piano. Mwalimu Mkuu kaondoa shuka lake, kaketi, kapiga. Kwaya wakaimba. Nikainua spana. Watoto wakapuliza.

Mungu wangu. Kama milango miwili ya chuma inasuguana. Kwaya wakanyamaza mmoja mmoja, wengine wameziba masikio. Tukaanza tena. Vilevile. Mara ya tatu mtoto wa tromboni kaanza kulia huku anapuliza. Na nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye benchi — Bwana Futi. Anaandika.

Na mimi nikapatwa na nini? Mdomo huu! Nikapaza sauti mbele ya wote: "Piano hii mbovu! Nimepiga na piano za bandari kumi na moja, mbovu naijua! Mmeuziwa kabati!"

Mwalimu Mkuu kafunga kifuniko taratibu. Karudisha shuka, akalinyoosha pembe zote nne kama anamfunika mgonjwa. Kisha akasema, kwa heshima ile ile: "Kama Fundi anasema mbovu, nitaita mtu aitazame. Kesho asubuhi."

Watoto walinitazama kama shujaa. Isipokuwa mmoja.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Fundi wa piano kaja saa mbili. Mama mfupi, mkoba wa ngozi, kucha fupi kama zangu. Nilipenda mkoba wake: kila chombo na mfuko wake. Mwalimu Mkuu alikuwepo, watoto wangu wote kumi na mmoja walikuwepo, ni mimi niliyewaita waje waone piano ikiaibishwa!

Katoa kichuma chenye meno mawili kama uma. Kakigonga gotini, kakisimamisha juu ya mbao. Kikaimba. Kabonyeza piano. Vimekwenda pamoja kama maji na maji. Kabonyeza nyingine, na nyingine. Akakaza uzi mmoja tu, wa pembeni kabisa. Akasema: "Piano yenu nzima. Anayeitunza anaipenda."

Kimya kwenye ukumbi. Namaanisha ukimya, si yule binti.

Akanigeukia. "Mzee, hebu puliza."

Nikapuliza noti yangu ninayoipenda, ndefu. Akagonga kichuma chake tena. Jamani, nikasikia. Kwa masikio yangu mwenyewe. Yeye yuko juu, mimi niko chini. Si sana. Upana wa unyoya. Lakini chini.

Akaomba tarumbeta. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye bomba la mbele. Akauliza kwa sauti ndogo, fundi kwa fundi: "Hili umelitengeneza wewe?"

Ndiyo. Miaka thelathini na moja iliyopita gari la bendi lilirudi nyuma likalikanyaga. Bomba likawa kama chapati. Sikuwa na jingine. Nikakata la rejeta ya lori, nikalikunja, nikalichomelea, na nilipopima nikasema afadhali lizidi kuliko kupungua. Usiku ule ule nilipanda jukwaani.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Nimeona viwandani wakifanya vibaya kuliko hivi. Lakini limezidi kidole kimoja."

Kidole kimoja! Miaka thelathini na moja ninapiga peke yangu kwenye harusi, gereji, uwanjani — nani wa kuniambia? Redio. Redio ilikuwa inaniambia kila siku, nami nabadilisha betri. Na watoto hawa tisa nimewalinganisha na mimi. Halafu nikawapiga lehemu!

Nilitamani kusema fremu ya dirisha imepinda, hewa nzito, chochote. Niliwatazama. Walikuwa wananisubiri niseme. Wangekubali lolote, hilo ndilo baya. Ningesema kichuma cha yule mama kibovu, wangekubali.

Nikavua kofia. Nikamwambia Mwalimu Mkuu mbele yao: nimeitukana piano yako na piano haina kosa. Kosa ni langu. Nikawaambia watoto: ninyi mnapiga vizuri, masikio yenu mazima, ni mimi niliyewafunga chini kwa lehemu kwa sababu sikujua nami niko chini. Na bandari si kumi na moja. Ni nne.

Nikaona hiyo nayo haitoshi. Nikasema: ni tatu. Ya nne nilikuwa naumwa tumbo, sikushuka melini.

Hakuna aliyecheka. Kisha mtoto wa ngoma kacheka puani, basi wote wakapasuka, hata Mwalimu Mkuu kageukia ukuta mabega yanatikisika. Nami nikacheka, machozi hayo.

Kimya hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Akasema — na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Vyombo tisa, na cha Babu kumi. Leo na kesho. Gereji ina gesi ngapi za kuchomelea?"

Mbili, mwanangu. Mbili, na zote zimejaa.

Mchana nimemwambia mke wangu. Aliendelea kupiga pasi. "Nilijua," kasema. "Tangu tulipooana. Wewe na redio mkianza, hata paka anahama."

Kwa nini hukuniambia?

"Ulikuwa unafurahi, baba."

Ijumaa, 21 Machi

Nimefunga gereji kwa wateja. Kibao mlangoni: LEO TUNANYOOSHA SAUTI.

Watoto wamekuja na barua za ruhusa. Nimewapanga kama karakana ya jeshi. Wawili wanakunja matambara, wawili ndoo, wawili msasa laini, wawili grisi. Moto nashika mimi, hakuna mjadala. Kazi ni ya kidaktari: ukipasha kimrija, lehemu inayeyuka, lakini joto likitembea, viungo vingine vyote vinafunguka na tarumbeta linakuwa mabomba ya choo. Kwa hiyo matambara mabichi kila upande, na mtoto anapiga kelele "Maji!" likianza kutoa moshi.

La kwanza lilichukua saa nzima. Kimrija kikateleza — tsiiip! Watoto wakashangilia kama bao. La tano lilichukua dakika kumi na tano. Dubwana la Kimya lilitaka watu wanne na jeki ya gari.

Fundi wa piano kapita saa nane, anasema alikuwa njiani. Njiani kwenda wapi, gereji yangu iko mwisho wa barabara! Kaleta kichuma chake. Kakaa juu ya tairi, anagonga, anasikiliza, "ndani kidogo… kidogo… acha!" Hakutaka malipo. Alikunywa chai ya mke wangu vikombe vitatu, wakanisengenya mbele yangu.

Saa kumi na moja jioni yote tisa tayari. Likabaki langu, na kimrija chake kimeshaingia chote ndani.

Nililibana kwenye jiriwa, nikashika msumeno. Nikauweka chini. Nikaushika tena. Bomba hili limekwenda nami kila mahali, kulikata ni kama kumkata mzee mwenzako kidole. Nikasikia mtu kasimama ubavuni, kashika ncha ya bomba lisitikisike. Kimya. Nikakata.

Kidole kimoja, sawasawa. Nimekisafisha kwa tupa. Kipo mfukoni.

Nilipolichomelea tena nikapuliza, kichuma kikaimba, na mimi nikaimba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hapakuwa na mtu wa pili pale. Sauti moja. Nikamwambia mke wangu awashe redio. Kawasha. Nikapiga nayo wimbo mzima. Betri nzima kabisa, zile zile za mwezi uliopita!

Paka hakutoka. Kajilaza juu ya boneti.

Jumamosi, 22 Machi. Asubuhi

Suti ya bendi ya zamani haifungi. Mke wangu kaongeza kitambaa mgongoni, kasema nisigeuke. Lakini mwelekezaji wa bendi huwapa watu mgongo! Kasema basi niringe.

Jumamosi hiyo hiyo. Jioni, saa kumi na nusu

Naandika nimekaa kwenye ngazi za chumba chetu, daftari gotini. Kamati iko ndani ya ofisi tangu saa tisa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekaa madirishani. Mwalimu Mkuu kaondoa shuka. Kabonyeza noti moja, akasubiri. Nikainua spana — namba kumi na saba, kwa bahati — na watoto tisa wakapuliza noti ile. Nilifumba macho. Nikangoja ule msuguano.

Hakuna! Shaba na piano na kwaya, kitu kimoja, kinapanda tu, kinajaza ukumbi kama maji kwenye ndoo. Nikafumbua. Mwalimu Mkuu analia, mikono inaendelea. Kwenye lile bonde la katikati Kimya kashusha sauti nzito, ndefu, mpaka nimeisikia kwenye meno, na mama yake kasimama mstari wa mbele, peke yake, watu wanamvuta akae, hakai. Mwisho ukumbi ulilipuka. Waliturudisha mara mbili. Mara ya pili nilikwenda kukaa kwenye benchi na kuwaacha wapige bila mimi. Hawakunihitaji hata kidogo! Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutohitajika.

Niliinama mara sita. Mshono wa mgongoni umefumuka. Fundi wa piano kaninong'oneza sikioni kwamba bitana yangu ni nzuri.

Bwana Futi hakupiga makofi. Nilimtazama. Alikuwa amekaa na mikono magotini, hana kalamu, anatazama sakafu.

Sasa hapa kila mtu kakataa kwenda nyumbani. Watoto wako uani, wameanza tena wenyewe, wanapanga gia bila kuniuliza, na wadogo wa darasa la kwanza wamewazunguka. Mmoja kaingiza kichwa kizima ndani ya dubwana la Kimya. Na Kimya — haya nimeyasikia mwenyewe — anamweleza. Anaongea! Kwa urefu! "Puliza kama unapoza chai."

Nageuza kile kidole cha bomba mfukoni.

Mlango wa ofisi umefunguka. Nimeandika hivyo na kusimamisha kalamu. Bwana Futi katoka peke yake. Anakuja huku. Ana futi mkononi!

Kanipita, kaenda mlangoni kwetu, kapima fremu — chwaap! — kapima tena. Fotokopi. Anapima kama fotokopi itapita.

Kasimama. Kajikuna shingo. Kaniuliza, hanitazami, kama mtu anayeuliza saa: "Mzee, ile piano ya ukumbini ina unene gani?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Hapa naona haipiti. Mlango mwembamba." Akatazama uani wanakopiga, mguu wake unagonga ngazi, naapa, kwenye mdundo. "Wenzangu bado wanabishana huko ndani. Wananiuliza kama piano inaweza kuhamia kwenye chumba hiki cha muziki, nami sitaki kurudi na jibu la kubahatisha."

Nimemwambia piano siijui kwa sentimita, lakini fremu ya chuma hii naijua, na grenda yangu ya kukatia chuma iko kwenye gari, na nikipewa nusu saa mlango huu utapitisha hata tembo. Kasema subiri kwanza tumalize kikao. Nimesema nitasubiri.

Nitasubiri na grenda mkononi. Ngoja nikaichukue.